Punda mzee mwenye baridi yabisi, umfunike usiku?
Pole sana ndugu yangu, umeuliza kama punda wako mzee mwenye baridi yabisi umfunike blanketi usiku na hii baridi ya Juni na Julai hapa Tabora. Mi ningeangalia mwili wake kwanza, kama kakonda au anatetemeka mfunike, ila kama ana mwili na banda ni kavu halipigwi upepo wala usihangaike. Blanketi liwe kavu jamani, likilowa bora akae bila, na asubuhi jua likitoka mvue umpapase mbavuni na mabegani kama kuna jasho au michubuko. Halafu usimfunge kamba usiku kucha, viungo vinakaza, mwache atembeetembee. Vidonge vya maumivu vya binadamu usimpe, muite daktari wa mifugo, na mkokoteni mpumzishe, kashakubebea vya kutosha.