Kwa wadogo zetu mnaojiandaa kuhesabu fomu za Kenya, Agosti 2027

Jumamosi wageni wa kundi letu la Dodoma mlifanya mazoezi kwa fomu za matokeo ya urais wa Kenya za 2022, na ndani ya saa mbili mkarudia makosa yaleyale ambayo kila kundi jipya huyarudia. Tunawapenda, na subira yetu ina kikomo. Basi someni haya kabla ya siku ya kura, Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027.

1. Laleni. Vituo vinafungwa saa 11 jioni, na saa ya Nairobi ndiyo saa yetu. Tume ya uchaguzi ya Kenya ina siku saba za kutangaza matokeo kwa mujibu wa Katiba. Mwaka 2022 kura zilipigwa Jumanne tarehe 9, mshindi akatangazwa Jumatatu tarehe 15. Anayekesha usiku wa kwanza, ikifika Alhamisi anaandika 317 mahali pa 371. Pangeni zamu za saa nne nne, chajini betri mapema, na mjifunike vizuri. Upepo wa Agosti hapa kwetu mnaujua.

2. Hesabuni 34A, fomu ya matokeo ya kila kituo, si 34B. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. 34B ni muhtasari wa jimbo, 34C wa nchi nzima. Hizo zitumieni kulinganisha tu.

3. Msimbo wa kituo. Hapa tutakaa, maana ndipo Jumamosi kazi ya kundi zima ilipopotea. Kosa hili sisi wakubwa wenu tulishalifanya kabla yenu, na bado linatuuma.

Kila kituo kina msimbo wa tarakimu 15: tatu za kaunti, tatu za jimbo, nne za wadi, tatu za eneo la kupigia kura, na mbili za mwisho ni za mkondo, yaani kituo kimojawapo ndani ya eneo hilo. Mombasa ni 001, Nairobi ni 047, kwa hiyo misimbo yote inaanza na sifuri. Ukiubandika kwenye ekseli bila maandalizi, programu inadhani ni namba ya kujumlisha. Inang'oa sifuri za mbele, 001001000100101 inakuwa 1001000100101, na kwa kuwa bado ni ndefu inaionyesha kama 1.001E+12. Mpaka hapo hujapoteza kitu. Bofya kiini, tarakimu zote zimo.

Msiba unakuja unapohifadhi faili kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ili umtumie mwenzako, kwa sababu kinachoandikwa humo ni kile kinachoonekana. Mwenzako akilifungua, anakuta vituo vyote vya Changamwe, jimbo la kwanza la Mombasa, vina msimbo mmoja, 1.001E+12, na hakuna kitufe cha kurudisha kilichokatwa. Naye, kwa nia njema kabisa, anabofya kuondoa marudio, maana tulimfundisha wenyewe kwamba fomu moja isiingie mara mbili. Programu inatii. Inabakiza mstari mmoja Changamwe, mmoja Jomvu, mmoja Kisauni, na mingine yote inafagiwa. Asilimia zinaendelea kuonekana za kweli, maana kila jimbo bado lipo, na watu wanazitazama hizo badala ya kutazama idadi ya mistari.

Kinga yake haichukui hata dakika moja. Chagua kolamu ya msimbo, iweke kwenye muundo wa maandishi KABLA ya kubandika. Tanguliza herufi K, iwe K001001000100101, maana namba haianzi na herufi. CSV usiifungue kwa kuibofya mara mbili. Iingize kupitia menyu ya data, kisha uiambie kolamu hiyo ni maandishi. Halafu hesabu urefu: kila msimbo, pamoja na K, lazima uwe na herufi 16. Na faili la asili haliguswi. Fanya kazi kwenye nakala.

4. Kila fomu ikaguliwe mara mbili: kura za wagombea zijumlishwe zilingane na kura halali, na halali ukiongeza zilizokataliwa zisizidi waliojiandikisha. Kituo hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700. Ukaguzi huu ndio unaokamata 1 iliyosomwa kuwa 7.

5. Unapotafuta asilimia, chini ya mstari wa kugawanyia weka kura halali peke yake. Mahakama ya Juu ililimaliza hilo 2013. Mwaka 2022 Ruto alipata 7,176,141 kati ya kura halali 14,213,027, yaani asilimia 50.49. Ukichomeka zile 113,614 zilizokataliwa, anashuka hadi 50.09, na kundi zima linaanza kupiga kelele za duru ya pili. Halafu kuna suala la kukadiria desimali. Asilimia za wagombea wanne zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Zijumlishe: 100.01. Makamishna wanne wa tume walisimama hadharani wakasema ziada hiyo ni kama kura 142,000. Pigeni wenyewe: asilimia 0.01 ya kura 14,213,027 ni kura 1,421, na hata hizo hazipo, ni desimali zilizokadiriwa kwenda juu. Kwa hiyo jumlisheni kura, asilimia ziwe za mwisho.

6. Usiandike "anaongoza" bila kuandika fomu ngapi kati ya zote (2022 zilikuwa 46,229), na kutoka kaunti zipi. Mwaka 2022 runinga mbalimbali zilionyesha viongozi tofauti kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila moja ilichukua fomu kwa mpangilio wake. Ukianza na Nyeri utapata rais mmoja, ukianza na Siaya utapata mwingine.

Jumamosi ijayo tunarudia Changamwe tangu mwanzo. Majimbo ni 290. Tukifika watu 29, kila mmoja ana kumi. Njooni na kolamu ya msimbo ikiwa tayari kwenye maandishi, na karanga mlizoahidi.