Uliza Fundi wa Stima: Trei za Kebo Zinazoning'inia

Barua nyingi za safari hii zimehusu kuning'iniza trei za kebo kwenye majengo ya biashara. Trei ni njia ya chuma inayobeba kebo. Hushikwa na hanga, yaani rodi mbili zinazoshuka kutoka kwenye slabu (zege la juu) zikibeba chaneli, kipande cha chuma ambacho trei hulalia; kila rodi hushikwa juu na anka, kifuko cha chuma kinachotanuka ndani ya shimo la zege. Tumechagua barua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna maswali ambayo wengine pia wameuliza.

Hanga kila mita 3 au kila mita 1.5?

*Ndugu wahariri, tunafunga stima kwenye jengo la maofisi huku Nyali. Njia ya korido ni mita 42, ina kona mbili. Trei ni ya matundu, upana milimita 300, vipande vya mita 3, na itashuka milimita 600 kutoka kwenye slabu. Kebo zote pamoja zina kilo 22 kwa kila mita. Kontrakta anataka hanga moja kila mita 3, eti ndio urefu wa trei. Formeni anasema mita 1.5. Nani yuko sawa, na ninunue vifaa vingapi? – Fundi, Nyali*

Formeni yuko sawa, ingawa neno la mwisho ni la jedwali la mzigo la aliyetengeneza trei. Jedwali hilo huonyesha kila mita ya trei inabeba kilo ngapi kwa kila umbali wa hanga. Kiwango cha kimataifa cha trei, IEC 61537, kinaruhusu trei yenye mzigo wake salama ipinde katikati kwa sehemu moja kwa mia ya umbali huo. Kwa mita 1.5 ni milimita 15, kwa mita 3 ni milimita 30. Trei nyepesi za matundu ni chache sana zinazoweza kubeba kilo 22 kwa mita 3. Zinazoweza ni zile za ngazi zenye kingo ndefu, na bei yake ni nyingine. Kontrakta akileta jedwali linaloonyesha kwamba trei aliyonunua inaweza, sawa. Asipoleta, urefu wa kipande si hoja.

Piga hesabu ya uzito. Kebo kilo 22, trei yenyewe kama kilo 4, jumla 26 kwa mita. Kwa mita 1.5 ni kilo 39, ongeza chaneli, unapata kilo 40 kwa hanga, yaani 20 kwa kila rodi. Rodi ya M10 (kipenyo milimita 10) ya chuma cha kawaida haianzi kuvutika mpaka ifike kama kilo 1,400, kwa hiyo rodi si tatizo. Vinavyoshindwa ni anka iliyo ndani ya zege na trei inayolegea katikati. Hata hivyo tumia M10 badala ya M8. Kebo zikivutwa hanga hupata mizigo ambayo hamkuipigia hesabu, na baada ya miaka miwili mtu ataongeza kebo nyingine.

Hanga ya kwanza isianzie mwishoni kabisa mwa trei. Iweke milimita 375 kutoka mwisho, kisha endelea kila mita 1.5. Ukifanya hivyo viungo vyote vya trei vitaangukia robo ya nafasi kati ya hanga mbili, mahali ambapo trei hainyumbuki sana. Ukianza kwenye milimita 750, kila kiungo kitakaa katikati kabisa, na hapo ndipo trei inapovunjika mgongo. Kuweka kiungo juu ya chaneli nako hakufai. Boliti za kiungo hukalia chaneli, na trei hailali vizuri.

Kwa mita 42 utapata hanga 28, na moja ya ziada karibu na mwisho wa pili. Kila kona iwe na hanga pande zote mbili, ndani ya milimita 300 kutoka kwenye kiungo chake, kwa hiyo ongeza 4. Jumla 33. Vifaa ni hivi:

– anka za M10: 66, na nunua kama 8 za akiba kwa mashimo yatakayogonga nondo
– rodi za hesi (mikato ya skrubu) M10 za mita 3: 17, kila moja ikatwe vipande vinne vya milimita 700
– chaneli ya 41 × 41 ya mita 6: 3, kila moja hutoa vipande 13 vya milimita 450
– nati za M10: 198, yaani tatu kwa kila rodi: moja juu ya kubana kwenye anka, moja juu ya chaneli, moja chini
– washa bapa za mraba: 132
– boliti za M6 zenye vichwa vya mviringo, pamoja na nati zake za springi: 66, mbili kwa kila chaneli

Vichwa hivyo vya mviringo vikae upande wa kebo. Boliti ikigeuzwa, ncha yake itachuna ganda la kebo siku ya kuvuta.

Sasa anka. Anka ya kugonga ya M10 inataka shimo la milimita 12 na kina cha milimita 40. Weka kizuizi kwenye keekee. Shimo likizidi, anka huzama, nawe utajikuta unaigonga hewani. Toa vumbi lote, kwa pampu na brashi, kwa kuwa vumbi likibaki anka hukaa juu ya unga badala ya zege. Gonga anka mpaka iwe sawa na uso wa slabu, kisha tumia kigongeo chake maalumu mpaka bega la kigongeo liguse mdomo wa anka. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Fundi hana kigongeo, anatumia kipande cha nondo au bisibisi, koni ya ndani haishuki hadi mwisho, na anka haitanuki. Rodi itaingia vizuri, itaonekana imara, halafu itashuka yote siku kebo zitakapopandishwa. Biti iliyochakaa huleta balaa tofauti: shimo linakuwa jembamba, anka inagoma nusu njia.

Rodi iingie ndani ya anka angalau milimita 10 za hesi. Tia alama kwa kalamu kabla ya kuizungusha, maana ukiwa juu ya jukwaa huwezi kuona imefika wapi. Ukigonga nondo, usilazimishe. Sogea umbali usiopungua mara mbili ya kina cha shimo ulilotupa, na shimo hilo lizibe.

Kabla ya kupandisha trei, jaribu angalau anka tatu kwa mashine ya kuvuta. Ikiwa mashine haipo, tundika mfuko wa saruji wa kilo 50 kwenye rodi moja moja, uuache kwa muda, na asisimame mtu chini yake. Huo ni mzigo mara mbili na nusu ya ule wa kawaida. Hauwezi kuchukua nafasi ya jaribio la mashine, lakini anka ambayo haikutanuka itajitambulisha.

Jambo moja hukulieleza: slabu ni zege tupu au ni ya mbavu na matofali yenye uwazi? Ikiwa ni ya pili, hesabu yote ya anka inabadilika. Ukuta wa tofali lile ni mwembamba, anka ya kugonga itaupasua. Tafuta mbavu kwa kugonga na kwa kutoboa mashimo madogo ya majaribio, funga chaneli ndefu kutoka ubavu hadi ubavu, halafu ning'iniza hanga kwenye chaneli hiyo. Na ikiwa slabu ina nyaya za chuma zilizovutwa ndani yake, usitoboe hata tundu moja kabla injinia wa jengo hajakuonyesha zinapopita.

Rodi zimeshika kutu kabla ya mwaka kwisha

*Tulifunga trei kwenye maegesho ya chini ya hoteli iliyo ufukweni. Hata mwaka haujaisha, rodi na nati zimekuwa nyekundu, trei yenyewe bado ina nafuu. Vifaa vyote tuliambiwa ni vya mabati. – Msimamizi, Shanzu*

Mabati yana daraja zake, na muuzaji alikuambia nusu ya habari. Rodi nyingi za madukani hupakwa zinki kwa umeme, tabaka la maikroni 5 hadi 10 hivi (maikroni ni sehemu moja kwa elfu ya milimita). Trei iliyotengenezwa kwa bati la Z275, yaani bati lililopakwa zinki kabla ya kukunjwa, ina kama maikroni 20 kila upande. Trei iliyotumbukizwa kwenye zinki ya moto baada ya kutengenezwa, kwa chuma cha milimita 1.5 hadi 3, inatakiwa iwe na wastani wa maikroni 55 kwa kiwango cha ISO 1461.

Linganisha hayo na hewa ya pwani. Kwa mizani ya ISO 9223, inayopanga madaraja ya hewa kwa jinsi inavyokula metali, mahali pa daraja la C4 zinki huliwa maikroni 2.1 hadi 4.2 kwa mwaka, na C5 ni 4.2 hadi 8.4. Rodi yenu ya maikroni 5 ilikuwa na mwaka mmoja tu wa kuishi. Maegesho yaliyo wazi pembeni yana ubaya wake zaidi: upepo wa bahari unaingiza chumvi, lakini mvua haifiki kuiosha, basi inarundikana.

Mahali kama hapo tungechagua chuma cha pua cha daraja 316, ambacho kwenye boliti huandikwa A4, kwa rodi, nati, washa na anka. Anka isisahaulike. Anka ya chuma cha zinki nyembamba imekusudiwa ndani ya nyumba pakavu, na ikioza ndani ya slabu hakuna atakayeiona. Trei ya zinki ya moto inaweza kukaa na boliti za chuma cha pua, kwa kuwa zinki ni nyingi na chuma cha pua ni kidogo. Kinyume chake hakifai: boliti za zinki kwenye trei ya chuma cha pua zitaliwa upesi. Paka hesi za chuma cha pua grisi ya kuzuia kukwama, la sivyo nati itang'ang'ania katikati na utalazimika kuikata kwa grainda.

Ukichagua rodi za zinki ya moto, nunua nati zake zilizotanuliwa hesi. Nati ya kawaida haitaingia, na fundi atakayepitisha kikata hesi juu ya rodi ili iingie atakuwa ameivua nguo yote. Kila ncha iliyokatwa ipigwe tupa, isafishwe, ipakwe rangi yenye zinki nyingi siku hiyo hiyo. Rangi ya fedha ya kawaida inang'aa tu, haikingi kitu.

Godauni la paa la bati

*Godauni liko Miritini, halina slabu. Naweza kuning'iniza trei kwenye papi za chuma zenye umbo la Z? – Fundi, Changamwe*

Muulize kwanza injinia aliyechora paa. Papi hizo hupigiwa hesabu ya mabati na upepo, mara nyingi bila ziada kubwa. Akikubali, toboa kwenye ubavu uliosimama au tumia klampu inayoshika ubavu huo. Usining'inize kwenye mdomo wa chini, maana mzigo ukikaa pembeni papi hujipinda na kujisokota. Kwenye biimu za fremu tumia klampu za biimu, kaza boliti, halafu funga na nati yake ya kuzuia kulegea. Usitegemee fremu peke yake: mara nyingi zimeachana mita 5 au 6, na trei ya kawaida haiwezi kuvuka hapo.

Kumbuka joto pia. Chuma hurefuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Trei ya mita 40, tofauti ya nyuzi 25 kati ya alfajiri na mchana chini ya bati, hurefuka milimita 12. Weka viungo vya kutanuka, ukaze trei upande mmoja na kuiacha iteleze upande wa pili. Waya wa athi uvuke kila kiungo cha namna hiyo, kwa kuwa chenyewe hakiaminiki kupitisha umeme wa hitilafu.

Nyumba ya mawe, Mji wa Kale

*Tunageuza nyumba ya zamani kuwa maofisi. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Anka zinazunguka tu ndani ya shimo. – Mkandarasi, Mombasa*

Zitaendelea kuzunguka. Anka ya kutanuka inahitaji kitu kigumu cha kukisukuma, na tumbawe lina matundu na chokaa ni laini. Kwenye ukuta tumia anka za gundi zenye mfuko wa wavu, ndani ya jiwe lenyewe na si kwenye kiungo cha chokaa, kisha zivute kwa mashine kabla ya kuzipa mzigo. Boriti msizitoboe wala kuzining'inizia. Hakuna anayejua ndani zimeliwa kiasi gani na mchwa. Njia tunayoipenda ni mabano ya ukutani, au fremu nyepesi ya chuma iliyosimama sakafuni, trei ikapita karibu na ukuta. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, basi pateni kibali kabla ya kushika keekee.

Wa silingi wanatumia rodi zetu

*Mafundi wa silingi na wa eyasi (viyoyozi) wanafunga waya zao kwenye hanga zetu. Tuwakatalie? – Fundi, Nyali*

Ndiyo, na kwa maandishi. Hesabu yenu ni ya kebo tu. Kebo zenyewe mzifunge kwa vibano vya chuma popote zinapoweza kuanguka juu ya njia ya kutokea watu. Kwa mikataba inayofuata BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga stima, toleo la 2018 linataka nyaya zisiporomoke mapema wakati wa moto, na tai za plastiki huyeyuka kabla watu hawajatoka.