Chama cha kiliberali kisogee katikati?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi msomaji wako wa Newala. Kaka yangu anaishi Marekani, kila akipiga simu ananiambia chama cha Democratic kimeelemea sana kushoto, kirudi katikati ndo kitashinda. Mi naona wakisogea hivyo watapoteza watu wao. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kaka yako ana hoja, maana Democratic walipigwa kwenye urais mara tatu mfululizo, 1980, 1984 na 1988, ndo akaja Bill Clinton akakivuta chama katikati akashinda 1992 na 1996. Ila mwaka huohuo wa 1996 alisaini sheria ya kubana misaada ya familia maskini na wapo wa chama chake hadi leo inawauma.

Mi nataka uangalie Uingereza, kwenye chama chenyewe cha kiliberali, Liberal Democrats. 2010 wagombea wao walisaini kabisa kwamba watapinga kupandishwa ada ya chuo kikuu, wakapata viti 57, wakaingia serikalini pamoja na Conservatives, chama cha mrengo wa kulia, halafu ada ikapanda kutoka pauni elfu tatu na kitu hadi 9,000 kwa mwaka. Uchaguzi wa 2015 wakabaki na viti 8. Nane! Wamekuja kuinuka vizuri 2024, viti 72, miaka tisa nzima.

Sasa we wa Newala hili unalijua kwa macho. Msimu wa korosho mkulima kasimama ghalani, karani kaweka gunia kwenye mzani, yule mzee haangalii karani ni wa mrengo gani, katoa macho kwenye namba. Bei ya mnada wakulima wanaweza kuikataa leo wiki ijayo wakaikubali hata kama imeongezeka kidogo tu, hayo ni maelewano, lakini gunia la kilo 80 likisomwa 76 hapo hamna maelewano tena, na mwakani yule karani hapewi mzani. Liberal Democrats waligusa mzani, hilo ndo naliona mimi, kukaa meza moja na wapinzani wao peke yake kusingewamaliza vile.

Kwahiyo kaka yako akipiga tena muulize, huko katikati wakienda wanaacha nini? Kama ni maneno makali ya majukwaani waache tu. Kama ni ile bima ya afya aliyoisaini Obama 2010, mdogo wangu, mi niko na wewe.