Maswali ya Wasomaji: Nani Hukagua Sumu Iliyomo Melini Kabla Haijakatwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu ni kibarua wa kukata chuma chakavu kwa gesi. Mwezi uliopita walikata meli ndogo ya mizigo iliyokwama ufukweni, na kila jioni alirudi na shati limejaa vumbi jeupe kama pamba, lililotoka kwenye mabomba ya chumba cha injini. Mama alikuwa akilikung'uta uani. Je, Serikali haipaswi kujua kilichomo melini kabla ya kukatwa?
Msomaji, Shangani, Mtwara.

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na shati, maana hilo halingoji. Mabomba ya meli za zamani mara nyingi yalifungwa asbesto, yaani madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto, ambayo nyuzi zake zikivutwa huweza kuleta kovu la mapafu na saratani zinazojitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Huenda ni pamba ya kioo tu, lakini kwa macho hakuna awezaye kuzitofautisha; ni maabara pekee. Shati hilo lisikung'utwe tena: lilowesheni maji, lifungeni kwenye mfuko, na mdogo wako pamoja na mama wamweleze daktari habari yote ili iandikwe.

Swali lako lina jibu: Serikali inapaswa kujua, na inapaswa kujua mapema. Mkataba wa kimataifa wa Hong Kong wa 2009 kuhusu kuvunja meli kwa usalama, ulioanza kutumika tarehe 26 Juni 2025 kwa nchi zilizouridhia, unaitaka kila meli inayohusika iwe na orodha ya vitu vya hatari vilivyomo na mahali vilipo, kama vile asbesto, zebaki, rangi zenye sumu na mafuta ya zamani ya transfoma. Nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake ndiyo inayoikagua orodha hiyo, kisha huikagua tena kabla meli haijapelekwa kuvunjwa. Nchi yenye karakana ya kuvunjia meli nayo huidhinisha karakana hiyo, ambayo lazima iandae mpango wa kuivunja meli hiyo hiyo, pamoja na kupima gesi za kulipuka matangini kabla moto haujawashwa. Hatari hiyo ilionekana tarehe 1 Novemba 2016, huko Gadani, Pakistan, meli ya mafuta iliyokuwa ikivunjwa ililipuka na kuua vibarua zaidi ya 20.

Hata hivyo, mkataba huo hauzigusi meli zilizo chini ya tani 500 za ujazo, wala zile ambazo maisha yao yote zimefanya kazi katika maji ya nchi yao tu. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kwa mwambao wetu, kwa kuwa asbesto ya meli ndogo haina huruma zaidi ya ile ya meli kubwa.

Lakini pengo hilo halimpi mtu ruhusa ya kukata kiholela. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasimamia taka hatarishi bila kujali ukubwa wa meli, na usalama wa vibarua unasimamiwa na OSHA, wakala wa Serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Nendeni ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) Kanda ya Kusini, hapo hapo Mtwara, mkiwa na jina la meli na tarehe za kazi, muulize kibali kilitolewa kwa nani. Muulize pia ile pamba iliyobanduliwa kwenye mabomba ilitupwa wapi, kwa sababu asbesto haiozi, na watoto huchezea ufukweni.