Ibada ya jioni na watoto wanaosinzia

Dada wa Nyalenda, Kisumu, unasema mkisali baada ya chakula cha usiku, mtoto wa miaka 3 husinzia na wa 6 humchokoza. Hapo tatizo ni saa, watoto hawana kosa. Salini saa kumi na mbili na nusu, kabla hujasonga ugali. Dakika 5 zinatosha: wimbo wa makofi, kisa kimoja, kila mtoto sala ya sentensi moja. Anza na Marko 4:35-41, Yesu anapotuliza dhoruba ziwani. Mawimbi ya ziwa wanayajua. Mdogo atikise maji kwenye beseni, mkubwa awe Yesu akemee upepo. Rudieni kisa hicho wiki nzima, maana wadogo hushika kwa kurudia. Tafadhali, usimpe mtoto sala kama adhabu, ataichukia. Baba akichelewa kazini, msimngoje.