Viumbe Wasioelezwa Sura

SWALI: Mhariri, nimemaliza riwaya ya Bird Box ya Josh Malerman, iliyotoka mwaka 2014, ambamo wanaowaona viumbe fulani hurukwa na akili na kujiua. Hofu ilinishika hadi mwisho, lakini viumbe wenyewe sikuelezwa walivyo. Je, huo si udhaifu?

JIBU: Ndugu msomaji, mimi naona hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya hiyo. Malorie, mhusika mkuu, anapiga makasia mtoni akiwa amefungwa kitambaa machoni, pamoja na watoto wawili aliowafunza tangu uchanga kutambua sauti, na kwa kuwa tumefungiwa ndani ya masikio yake, kijiti kikivunjika ukingoni nasi hatujui kimekanyagwa na mnyama, na mtu, au na kile kinachoogopwa. Viumbe hao wangechorwa, tungeanza kuwapima urefu na meno. Lawama ningeielekeza kwingine: sura za mtoni hupokezana na za nyumba alimojificha awali, na kwa kuwa tunaona mapema kwamba wenzake hawamo mashuani, mashaka juu ya hatima yao hupungua. Tukio la kuteka maji kisimani kwa kupapasa, hata hivyo, sina neno nalo, linatisha kwelikweli.