Haki za mafuta na gesi za 1921 kwenye hati ya shamba Ohio: mimi nilivyozifuta

Mkuu, unasema umenunua shamba mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, kumbe aliyeliuza 1921 alijibakizia mafuta na gesi iliyo chini. Yalinikuta hayo hayo. Sisi wa Tanzania tumezoea kwamba madini ni ya serikali, basi nilipoambiwa udongo wangu lakini kilicho chini ni cha marehemu, nilidhani natapeliwa.

Sheria ya Ohio inakuruhusu kuichukua haki hiyo ikilala miaka 20: hakuna uchimbaji, kibali cha kuchimba, uhamisho uliosajiliwa wala namba ya kodi iliyotengwa kwa ajili ya haki hiyo peke yake. Lakini haijifuti yenyewe. Mahakama ya juu ya jimbo ilishasema hivyo 2016.

Kazi ni kutafuta warithi. Wakili wangu wa kwanza alitaka tukimbilie tangazo la gazeti. Nikakataa, nikabadilisha wakili. Kwanza ni barua ya "certified mail", ile ambayo mpokeaji anaisaini, kwa kila mrithi unayeweza kumpata kwa juhudi za kawaida. Gazeti ni kwa wale ambao barua imeshindwa kuwafikia. Nilishinda siku tatu kwa msajili wa kaunti nikifunua madaftari mazito kama mlango, mwandiko wa kalamu ya wino, kisha faili za mirathi na matangazo ya vifo. Wakatoka warithi tisa. Vikadi vya kijani vya posta, vile vyenye sahihi ya mpokeaji, nimevitunza mpaka leo.

Baada ya taarifa, yaani hiyo barua au tangazo, warithi wana siku 60 za kudai haki yao. Akidai mmoja tu, amewaokoa wote tisa, kwa hiyo usitangaze ushindi mapema. Bibi mmoja wa Pennsylvania alinipigia simu, moyo ukanilipuka. Kumbe anauliza kama ule mti wa jozi wa babu yake bado upo. Upo. Hakudai.

Kiapo chako cha maandishi kwamba haki hiyo imetelekezwa kisajili kati ya siku ya 30 na ya 60 baada ya taarifa, si kabla wala baada. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Siku 60 zikipita kimya, unasajili taarifa nyingine kwamba hakuna aliyedai.

Halafu soma hati yako vizuri kama inataja makaa ya mawe. Sheria hii haiyagusi. Yangu inayataja, na mpaka sasa ni ya hao hao tisa.